Kocha Bado Hajaambiwa

Jumamosi, 7 Agosti 2004

Nimerudi kuandika. Shule sijakaa hata siku moja, herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, jioni, mtoto mgongoni. Mkono mzito mpaka leo. Lakini mtu aliye eda atafanya nini? Nje sitoki mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Kupika napikiwa. Kulia nimelia.

Baba Abilahi katuacha Jumanne alfajiri. Alasiri alikuwa ameshazikwa. Kifua, kilekile. Hapo siongezi neno.

Ninachotaka kuandika ni hii tivii.

Abilahi, kitinda mimba wangu, ni kocha wa timu ya huko Dar, na timu yake iko Kampala kwenye mashindano. Hajui. Mimi ndiye niliyesema asiambiwe! Kwetu mtu haambiwi msiba kwa simu. Haambiwi akiwa ugenini, peke yake, kasimama. Anaitwa nyumbani, anakalishwa, mkubwa anakaa ubavuni kwake, ndipo anaambiwa. Kuzika asingewahi hata angepewa ndege. Basi amalize mpira wake, aje, asikie kwa kinywa changu na mkono wangu uko mgongoni kwake. Kiongozi wa timu tumempigia, kaapa atafunga mdomo.

Ndiyo leo tumekaa kumtazama mtoto asiyejua kuwa hana baba. Kwenye tivii aliyomnunulia baba yake.

Kwanza ikawa vita. Jirani yangu Kadija, anayejua dini kuliko waliomfundisha, kasimama mlangoni mikono kiunoni. Eti mjane wa eda hatazami wanaume. Eti mapaja yale yote! Nikamwambia we Kadija, mapaja yenyewe yamekuwa madogo kama kidole gumba, na mimi namtafuta mwanangu tu, naye kavaa suruali.

Mjukuu wangu Mwahija akadakia: "Mke mwenza, ukiona haya jifunike kanga, mimi nitakusimulia yalivyo."

Huyu babu yake alizoea kumwita "mke wangu". Basi na mimi ananiita mke mwenza, na tangu Jumanne anasema na yeye yuko eda, asitumwe dukani. Kadija akacheka, akatafuta pa kukaa. Akatazama mpaka mwisho. Mapaja na yote.

Wanaume wamebaki nje, eda ndivyo ilivyo. Benedikto wa Mtama, rafiki wa marehemu, kakaa barazani chini ya dirisha. Ndiye fundi wa dishi letu, kulizungusha analizungusha yeye, lakini picha haioni. "Shemeji, mpira wa nani?" "Shemeji, wamepiga wapi?" Nimechoka kumjibu. Namjibu.

Sasa hii stesheni. Mpya, imekuja na hili soko huria lao. Mpira unachezwa, watu wanakimbia, na kijana mmoja mwenye maiki anamfuata kocha palepale pembeni ya uwanja na kumuuliza maswali! Mwahija anasema wameiga Ulaya. Abilahi macho yako kwa wachezaji, kijana kamsogezea maiki kama anamlisha uji. "Kocha, unajisikiaje?" Swali gani hilo? Mtu anakimbiza kuku wake shambani kwa jirani, unamsimamisha umuulize anajisikiaje?

Abilahi akajibu ya kujibu. Mchezo mgumu, vijana wanajituma, tunamshukuru Mungu. Halafu akaigeukia kamera, akacheka, lile jino la pembeni likatoka.

"Namsalimia mzee wangu kule Lindi, Mtanda. Najua ananitazama."

Mwahija kaingiza uso kwenye mto.

"Kasema nini?" Benedikto dirishani. "Mbona mmenyamaza nyie? Tumefungwa?"

Tumeshinda moja bila.


Jumapili, 8 Agosti

Wageni kutwa. Kila mmoja analia upya, na mimi nambembeleza. Mgongo.

Shemeji yangu Kibwana, mdogo wake marehemu, kaja kupanga mambo. Anaongea nyuma ya pazia, sauti kama anauza samaki. Yeye ndiye atakayekwenda Dar kumpokea Abilahi uwanja wa ndege. Atamwambia mama anakuita, basi. Njia nzima hatasema kingine. Nikamwambia Kibwana, wewe na kunyamaza mmekutana wapi? Akaapa kwa kaburi bichi la kaka yake. Wote wa nyumba hii kawatisha. Atakayefungua mdomo asimwite ndugu tena.

Halafu akasema kaka alikuwa mtu wa watu, kila kitu kitafanywa kwa heshima yake. Sawa, nikasema. Fanya.


Jumanne, 10 Agosti

Nusu fainali. Nimeumwa kichwa tangu mpira kuanza, na si kwa mpira. Kwa watangazaji!

Wako wawili, wamefungiwa sijui wapi, hawanyamazi. Mmoja anasema, mwenzake anakubali, wa kwanza anakubali kukubaliwa. Mpira umetoka nje wao wanasimulia mwaka themanini na ngapi. Mchezaji yuleyule kapewa majina matatu. Na karibu na goli, watu wote tumeinuka, wanaweka sabuni! Mwanamke anafua anacheka. Tangu lini mtu akafua anacheka?

Benedikto anasema redio ilikuwa bora. Yeye kwake hii ni redio, atajua nini.

Ila leo wamepita kiasi. Kipindi cha pili, tunaongoza moja, kijana wa maiki kaja tena. Wamemweka mwanangu kwenye picha, yeye tu, uwanja hatuuoni. Anaulizwa amewaambia nini vijana wakati wa mapumziko. Kocha aseme siri yake mbele ya adui! Abilahi anajibu huku shingo inachungulia nyuma ya yule kijana, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta mtoto sokoni. Mara makelele. Tumefungwa! Nyuma ya mgongo wa kijana na maiki yake. Mwanangu goli hakuliona. Sisi goli hatukuliona. Aliyeliona ni nani sasa?

Nikavua kandambili nikairusha. Imepiga ukuta. Kadija akasema eda yako imeharibika. Nikamwambia itaharibika vizuri nikimpata yule kijana.

Wamepigiana matuta ya penalti. Tumeshinda. Fainali Jumapili.

Kuna kitu lakini. Kamera ilipomsogelea mwishoni niliona kakonda. Kola ya shati imemwacha. Halali usingizi, yule. Ana furaha, na halali. Mama mtu nakaa kitandani nahesabu mifupa ya shingo ya mwanangu kwenye kioo.


Jumatano, 11 Agosti

Kapiga simu. Kwenye simu ya mkononi ya Mwahija, saa ya adhuhuri.

Mwahija kaongea mbio mbio, kapayuka, kacheka sana. Mno. Akanipa.

"Shikamoo mama. Mmeniona?"

Nikasema marahaba, tumekuona, umekonda, unakula nini huko? Akasema ndizi, mama, asubuhi ndizi, jioni ndizi. Akacheka. Akauliza goli lile lilivyoingia, kwa sababu yeye hakuliona! Nikamwambia na sisi hatukuliona. Tukacheka wote wawili, mimi na yeye, na machozi yananitoka, nimeziba mdomo na kanga.

Kisha akasema nipe baba.

Nikasema kalala.

"Saa hizi? Kifua tena?"

Nikasema ndiyo, kifua. Sasa kimetulia.

Kila neno la kweli. Hakuna uongo mbaya kama ule.

Akasema mwambie nikishinda kombe naja nalo hadi Mtanda, nitamwekea kitandani. Nikasema nitamwambia. Simu ikakatika, hela ilimwishia.

Mwahija kakaa sakafuni. Kasema bibi, mimi siwezi tena. Hakusema mke mwenza. Kasema bibi. Nikamwambia lala hapa miguuni. Kalala mpaka magharibi, mkubwa mzima.


Alhamisi, 12 Agosti

Leo hakuna mpira. Kadija kaleta uji wa mchele, kasimama juu yangu mpaka nikaumaliza.


Ijumaa, 13 Agosti

Balaa.

Mchana kaingia Binti, ndilo jina lake, mtoto wa dada yake marehemu, kaolewa Kilwa Kisiwani. Kavuka na kimashua mpaka Masoko, kapanda basi la alfajiri, kafika na vumbi mpaka kwenye kope. Kajitupa mlangoni, analia, na ndani ya kulia ana hasira.

"Mjomba kafa, mimi nasikia redioni kama mtu baki! Mkaza mjomba, mimi wa kusikia redioni?"

Nikasema redio gani, Binti? Nani kakwambia?

Akasema jana, baada ya taarifa ya habari ya mchana, kwenye matangazo ya vifo. Alikuwa anapaa samaki, kisu kikamwanguka. Analijua lote kwa moyo. Akalisema pale pale, kamasi na machozi, kwa sauti ya redio kabisa. Bwana Kibwana wa Mtanda, Lindi, anasikitika kutangaza kifo cha kaka yake. Habari ziwafikie ndugu wa Mtama, ndugu wa Kilwa, na mwanawe Abilahi, kocha wa mpira, popote alipo.

Popote alipo!

Nimeita Kibwana. Kaja, kasimama nyuma ya pazia lake. Nikasema we Kibwana. Wewe uliyeapa kwa kaburi bichi. Wewe uliyetufunga midomo mpaka watoto wanaogopa kukohoa. Ukamtangazia nchi nzima?

Akasema: "Shemeji, sasa kaka aondoke duniani bila tangazo? Kama kuku?"

Nikasema na Abilahi ulimtaja wa nini?

"Shemeji, nisingemtaja watu wangesema tumemtoa kwenye ukoo. Kitinda mimba, na mwenye jina vile! Tangazo lisiwe na Abilahi?"

Na ukweli ni kwamba mtu huyu haoni kosa lake. Kwake kumwambia Abilahi ni jambo moja, na tangazo ni jambo jingine. Tangazo ni heshima ya maiti, kama sanda. Anasema yuko Kampala, redio yetu haifiki huko. Nikasema redio haifiki, watu wanafika! Wale wa tivii wametoka wapi, si hapa hapa? Hawana mama zao wanaosikiliza redio?

Benedikto, nje, kasema kwa upole, "Kibwana, ndugu yangu, safari hii umetuweza." Kibwana akaanza kulia. Mwanamume wa miaka ile, nyuma ya pazia. Nikaona kivuli mabega yanacheza. Hasira ikaniishia katikati, nikabaki nayo mdomoni sina pa kuitema. Nikamwambia Mwahija mpe babu yako mdogo chai. Iwe na sukari.


Jumamosi, 14 Agosti

Kibwana kaondoka na basi la asubuhi kwenda Dar. Abilahi anatua keshokutwa, Jumatatu.

Mimi nimebadili shauri. Usiku wote nimegeuka ubavu huu na huu. Heri asikie kwangu kwa simu kuliko asikie kwa mpita njia. Si desturi, lakini desturi yenyewe tumeshaitangaza redioni. Nikamwambia Mwahija piga.

Kapiga, imezimwa. Kapiga, imezimwa. Adhuhuri, alasiri. Kampata yule kiongozi wa timu. Kasema kocha kawanyang'anya wachezaji simu zote mpaka fainali iishe, akili zisitawanyike, na ya kwake kaiweka humohumo kwenye begi ili wasinung'unike. Baba yake kabisa! Kiongozi akaomba, bibi, siku moja tu, usituvunjie timu. Nikamwambia timu yako haikunyonya kwangu. Mlete kwenye simu. Akasema sawa, atamleta.

Hakumleta.


Jumapili, 15 Agosti

Saa kumi na moja kasoro. Mapumziko. Naandika sasa kwa sababu nisipoishika kalamu nitashika shingo ya mtu.

Bila bila. Wote wapo. Kadija, Binti, Mwahija na simu yake mapajani. Benedikto dirishani. Leo hata yeye haulizi mpira wa nani.

Abilahi tumemwona mara tatu. Kavaa shati jeupe, leo kola imekaa. Anapiga makofi, anapaza sauti. Hajui. Mtu anayejua hasimami vile, miguu imeachana namna ile. Mshukuru Mungu. Kijana wa maiki kipindi cha kwanza hakuja kabisa. Nimesema labda mvua itanyesha, labda maiki yake imeharibika. Binti anasoma duaa, mdomo unakwenda. Nimemuuliza unaombea nini, kasema kombe. Nikasema usiombe kombe, ombea wamwache.

Wanaingia.

Tumefunga! Dakika za mwanzo tu, kichwa, kona. Tumelia kama tunacheka. Abilahi kapiga magoti, kanyoosha vidole juu. Mungu wangu, mpe dakika hizi. Arobaini tu. Halafu kesho ndege, halafu Kibwana na mdomo wake uliofungwa, halafu basi, halafu mlango huu.

Kaja.

Kijana kaja. Nimesema zima! Nimesema usizime! Mwahija kashika rimoti hajui afanye lipi.

Naandika nilivyosikia, nisije kesho nikaambiwa sivyo.

Kijana akasema hongera kocha, mnaongoza. Abilahi akasema asante, bado mapema, macho uwanjani. Kijana akashusha sauti, ile sauti ya watu wa tivii wanapojifanya wana huruma.

"Kocha, kwa yaliyokupata nyumbani wiki hii, umewezaje kusimama hapa leo?"

Mwanangu hakugeuka. "Yapi?"

"Kule Lindi. Lile tangazo..."

Akageuka. "Tangazo gani?"

Na huyu kijana, nampa haki yake, uso ulimbadilika. Kaelewa. Maiki ikabaki hewani haina mwenyewe. Abilahi kamtazama. Hakumtazama kama kocha. Kamtazama vile alivyokuwa akinitazama mimi akiamshwa usingizini.

"Tangazo gani, bwana?"

Wakabadilisha picha. Mpira wa kurusha! Watuonyeshe mtu anarusha mpira! Nimepiga kelele mrudisheni, mrudisheni mwanangu, mpaka Kadija kanishika mikono. Ng'ombe hawa, mpira wanaufuata kama ndio uliofiwa.

Benchi limepita mara moja, kwa mbali. Kiti chake kitupu. Msaidizi kasimama peke yake, mikono kichwani.

Na wale wawili, wale wasionyamaza! "Kocha haonekani kwenye benchi." "Bila shaka kachukizwa na maamuzi ya refa." "Ni kocha mwenye hisia kali sana." "Kweli kabisa, hisia kali." Wakacheka. Kadija, mtu wa dini, kawatukana tusi nisiloweza kuliandika.

Simu.

Namba ndefu, ya kigeni. Mwahija kaipokea. Kasema "Mjomba." Kasema "Mjomba, subiri, bibi anavaa."

Sivai. Naandika. Nikimaliza mstari huu nitaipokea. Kalamu inanisaidia, hata haya maandishi sijui kama yanasomeka.

Wapinzani wamefunga goli. Kwenye tivii kelele, na kwenye simu kelele zilezile, nazisikia hapa nilipokaa. Mwahija anaongea polepole kama anavyoongea na mgonjwa. "Umesimama, mjomba? Kaa kwanza. Kaa hata chini." Ananiambia amekaa, kwenye njia ya kuingilia vyumbani, kwenye saruji.

Nimesema muulize yuko na nani. Asiwe peke yake. Muulize!

Kamuuliza. Kasikiliza. Kaziba simu na kiganja, kanitazama.

"Bibi, yuko na yule wa maiki. Ndiye aliyemfuata. Hii simu ni yake." Halafu akasema, "Kamshika bega. Naye analia."

Haya. Mwambie yule kijana asiuondoe mkono wake mpaka nimalize kusema.

Nipe hiyo simu.